Vema Moja kwenye Karatasi ya Karanga

Pale kivuko cha Kamanga, upande wa Mwanza mjini, karanga huuzwa zikiwa zimefungwa kwenye karatasi iliyosokotwa kama pembe. Karatasi hizo ni kurasa za madaftari yaliyokwisha kazi. Karanga zikiisha, ukaikunjua, unaweza kukuta ramani ya Afrika, aya ya historia au orodha ya madeni ya duka.

Hii ilikuwa hisabati.

Mwandiko wa mwanafunzi kwa peni ya bluu, maswali manane ya kurahisisha, na juu yake peni nyekundu ya mwalimu. Kona ya chini imechanika na kuondoka na jibu la mwisho. Mengine yote yanasomeka:

1. a² × a² = a⁴ (vema)
2. a³ × a⁴ = a¹² (kosa)
3. (2a)³ = 2a³ (kosa)
4. a³ + a³ = a⁶ (kosa)
5. −3² = 9 (kosa)
6. (a + 3)² = a² + 9 (kosa)
7. 5a⁰ = 0 (kosa)
8. (a²)³ = …

Juu kabisa, ndani ya duara: 1/8.

Ni wiki kadhaa sasa, na ukurasa ule haujatoka kichwani. Makosa yake ni ya kawaida. Mwalimu yeyote wa kidato cha pili, awe Nyamagana au Ukerewe, ameyasahihisha mpaka mkono ukachoka. Kinachosumbua ni ile vema.

## Vema iliyoficha kosa

Jibu la swali la kwanza ni sahihi. Ukilitazama peke yake utasema mtoto huyu ameelewa: herufi ni ileile, vipeo, vile vinamba vya juu, vimejumlishwa, mbili na mbili nne.

Shuka mstari mmoja. Kwenye a³ × a⁴ ameandika a¹². Kumi na mbili haiji kwa kujumlisha 3 na 4, inakuja kwa kuzidisha. Basi hata kule juu alizidisha: mbili mara mbili, nne. Njia ni ileile mbovu, ila mara ya kwanza ilimpa jibu zuri na mara ya pili ikamwangusha.

Sasa jiweke mahali pake. Umefanya kitu kilekile mara mbili, ukapewa vema hapa na kosa pale, bila neno lolote pembeni. Utajifunza nini, zaidi ya kwamba hisabati ni bahati?

Mzizi wa tatizo ni namba 2. Tazama: 2 + 2 = 4, 2 × 2 = 4, 2² = 4. Ukiacha sifuri, ni namba pekee ambayo ukiijumlisha na yenyewe au ukiizidisha kwa yenyewe unapata jibu moja. Nasi ndiyo tunayoitumia kufungulia mada, kwa sababu ni ndogo na inaonekana nyepesi.

Mitego ya namna hii ni mingi. Chukua a⁴ ÷ a². Aliyetoa, 4 − 2, anapata a². Aliyegawanya, 4 ÷ 2, naye anapata a². Chukua (a²)². Aliyejumlisha vipeo, aliyezidisha, na aliyekwenda 2² wote wanaandika a⁴ na wote wanapewa vema. Chukua 2⁴ na 4²: zote ni 16, kwa hiyo anayechanganya namba ya chini na kipeo hagunduliki. Weka maswali kama haya kwenye jaribio na utampa mtoto alama zote ilhali hana hata kanuni moja mkononi.

Dawa yake haigharimu chochote. Chagua namba zinazotenganisha njia. Kwa a³ × a⁵, aliyejumlisha ataandika 8 na aliyezidisha ataandika 15. Kwa a⁸ ÷ a², aliyetoa anapata 6, aliyegawanya anapata 4. Kwa (a³)⁴, kuna 7, kuna 12, na kwa aliyepotea kabisa kuna 81. Jibu lenyewe linasema mkono ulipita wapi. Mwalimu mwenye madaftari mia mezani hana muda wa kumhoji kila mtoto, lakini namba iliyochaguliwa vizuri inamhoji kwa niaba yake.

## Hesabu kwanza, kanuni baadaye

Kipeo ni ufupisho wa maandishi. a³ ni a × a × a, basi. René Descartes, Mfaransa ambaye mwaka 1637 alichapisha mtindo huu wa kupandisha kinamba juu ya herufi, mwenyewe mara nyingi aliendelea kuandika aa badala ya a², herufi mbili zimekaa sako kwa bako. Kama yeye hakuona haya kuandika kwa urefu, mtoto wa kidato cha pili naye asione.

a³ × a⁴ = (a × a × a) × (a × a × a × a)

Weka kidole juu ya kila a na uhesabu. Ni saba. Jibu ni a⁷, na ile kanuni ya kujumlisha vipeo imezaliwa mbele ya macho ya mtoto, haikushushwa kutoka ubaoni.

Kwa asiyeziamini herufi, mpe 10. Kipeo cha 10 ni idadi ya sifuri: 10³ ni elfu moja, 10⁴ ni elfu kumi. Noti elfu moja, kila noti ya elfu kumi, ni shilingi ngapi? Milioni kumi, sifuri saba. Hakuna mchuuzi wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba, atakayekubali kuambiwa kwamba hesabu hiyo ina sifuri kumi na mbili. Hiyo ingekuwa trilioni. Watoto wanaokulia sokoni wanajua kuhesabu sifuri za pesa muda mrefu kabla hawajafundishwa neno kipeo, na ujuzi huo tunauacha mlangoni mwa darasa.

Kugawanya ni kukata. a⁷ ÷ a³: andika a saba kwenye kiasi na a tatu kwenye asili, kata moja juu na moja chini mpaka za chini ziishe. Juu zinabaki nne.

Angalizo moja. Kuhesabu huku kunataka kitu cha chini kiwe kimoja. a³ × b⁴ haina pa kwenda, inabaki a³b⁴. Wanaoandika ab⁷ hawajaifungua, maana aaabbbb haina b saba. Na upo upotofu wa aina yake kwenye namba tupu: 2³ × 2⁴ ikaandikwa 4⁷. Mtoto amejumlisha vipeo sawasawa, kisha mkono haukutulia, ukazidisha na mbili za chini. Mwambie afungue: 8 × 16 = 128, nayo ni 2⁷. 4⁷ ni 16,384.

## Kipeo kimekaa juu ya nini?

Swali la tatu na la tano kwenye ile karatasi yanaonekana hayahusiani. Kwenye (2a)³ mtoto amekipunguzia kipeo eneo lake. Kwenye −3² amekiongezea. Ni swali moja lililokosa kuulizwa: kipeo hiki kimekaa juu ya nini?

Kipeo kinashika kile kilichogusana nacho tu. Kikigusa herufi, kinashika herufi hiyo peke yake. Kikigusa mabano yanayofunga, kinashika kila kilichozidishwa mle ndani.

2a³ = 2 × a × a × a
(2a)³ = 2a × 2a × 2a = 8a³

Tofauti ya 2 na 8 si ndogo, na wavuvi wanaijua kwa mikono yao. Samaki anaporefuka huwa ananenepa na kupanuka pia, kwa hiyo uzito wake unakwenda takriban na kipeo cha tatu cha urefu. Tuseme sangara wa sentimita 50, urefu ambao chini yake hairuhusiwi kuvua, ana kilo moja na nusu. Sangara wa mita moja ni mrefu mara mbili. Je, ana kilo tatu? Muulize yeyote anayebeba samaki pale mwaloni. Ana kama kilo kumi na mbili, yaani moja na nusu mara nane. Urefu umeongezeka mara mbili ndani ya mabano, na mabano yote yamepandishwa kwenye kipeo cha tatu. Anayeandika (2a)³ = 2a³ anakwambia kwamba samaki alirefuka mara mbili lakini mgongo na tumbo vikabaki vilevile.

Sasa −3². Kipeo kimegusa 3, hakijagusa alama ya kutoa. Basi ni −(3 × 3), yaani −9. Ukitaka 9, weka mabano: (−3)².

Kosa hili lina pacha wake, na pacha ndiye mbaya zaidi. Swali linasema a = −3, tafuta a². Mtoto anaandika −3², anakumbuka alivyokosolewa juzi, anajibu −9. Safari hii ni 9, kwa sababu herufi a ilibeba namba nzima pamoja na uhasi wake. Tabia ya kufundisha hapa ni moja: ukiiweka namba hasi mahali pa herufi, ivike mabano kabla hujafanya jambo lolote. Mabano kwanza, hesabu baadaye, hata kama yanaonekana ya kupoteza wino.

Hapa kuna jambo ambalo tunapaswa kulisema waziwazi. Sote tulilelewa na MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Ni neno zuri na limetuvusha shule ya msingi. Lakini kipeo hakimo. Mtoto anayelifuata kwa uaminifu akikutana na 2 × 3² atazidisha kwanza, atapata 6², atajibu 36. Jibu ni 18. Hajavunja sheria yoyote aliyofundishwa, kafuata neno lisilo na nafasi ya kipeo. Mwalimu wa sekondari anayeingia darasani siku ya kwanza ya vipeo aandike neno hilo ubaoni, halafu achore mshale baada ya MA na kuandika hapo: vipeo. Kazi ya nusu dakika.

## Kilomita moja ya mraba

Kosa la (2a)³ haliishii kwenye aljebra. Linaingia kwenye vipimo, na huko halina peni nyekundu ya kulizuia.

Kilomita moja ni mita 1,000. Kilomita moja ya mraba ni mita za mraba ngapi? Darasa zima litajibu 1,000. Ukiandika kwa vipeo, kosa linaonekana: kilomita ni (10³ m), na mraba umekaa juu ya mabano. (10³ m)² = 10⁶ m². Milioni moja.

Ziwa Victoria lina kama kilomita za mraba 68,800, yaani 6.88 × 10⁴. Kwa mita za mraba ni 6.88 × 10⁴ × 10⁶ = 6.88 × 10¹⁰. Aliyetumia elfu badala ya milioni atapata 6.88 × 10⁷, ambazo ni kilomita za mraba 68.8. Ziwa hilo ni dogo kuliko kisiwa cha Ukerewe kilichomo ndani yake.

Endelea mpaka ujazo. Kina cha wastani ni kama mita 40, yaani 4 × 10¹. Zidisha namba kwa namba, jumlisha vipeo: 6.88 × 4 = 27.52, na 10¹⁰ × 10¹ = 10¹¹. Tuna 27.52 × 10¹¹. Ukirudisha nukta nafasi moja kushoto umeigawanya namba kwa kumi, kwa hiyo kipeo lazima kipande kimoja: 2.752 × 10¹² m³. Watoto wengi hushusha kipeo hapa, kwa kuwa nukta "imerudi nyuma". Waulize kilichotoka kwenye 27.52 kimekwenda wapi. Kumi iliyoondoka huku lazima ionekane kule.

## Pale kwenye alama ya kujumlisha

a³ + a³ halina mzunguko. Ni kitu kimoja kimehesabiwa mara mbili: 2a³. Ukiweka 10, ni elfu na elfu, elfu mbili. Jibu la a⁶ lingekuwa milioni. Na a³ + a² haiunganiki kabisa, kama vile ndoo ya dagaa na kilo ya sato zisivyopata jina moja. Iache ilivyo. Kuiacha hesabu ilivyo nako ni jibu, na wanafunzi wengi hawajui kwamba wanaruhusiwa.

Swali la sita lina uzito zaidi. Tumetoka kusema kipeo kikigusa mabano kinashika kila kilichozidishwa ndani, na mtoto anaona (a + 3)² anasema basi: a² + 9. Neno "kilichozidishwa" limempita. Mwenye kosa nusu ni sisi, tunaosema kwa mkato kwamba kipeo "kinaingia ndani ya mabano". Kinaingia kwenye kuzidisha na kugawanya. Kwenye kujumlisha na kutoa hakiingii.

Chora kiwanja. Upande mita 20, mraba. Mwenye nacho anaongezewa mita 3 kwa urefu na mita 3 kwa upana, kinakuwa 23 kwa 23: mita za mraba 529. Kwa hesabu ya a² + 9 ni 400 na 9, jumla 409. Zimepotea 120. Ziko wapi? Chora mstari pale mpaka wa zamani ulipokuwa. Kuna mraba wa zamani, 20 kwa 20. Kuna kipande kirefu ubavuni, 20 kwa 3, mita za mraba 60. Kuna kingine juu, 60 tena. Na kuna kona ndogo ya 3 kwa 3. Aliyeandika a² + 9 amelipia kiwanja cha zamani na kona, vipande viwili virefu amemwachia jirani.

(a + 3)² = a² + 3a + 3a + 9 = a² + 6a + 9

Mchoro huu ukichorwa mara moja kwa mkono wa mtoto mwenyewe, kwa rula, hausahauliki upesi.

## Pale kidole kinapokwama

Mpaka hapa tumetegemea kidole: fungua, hesabu. Lakini swali la saba linaleta mashaka ya kweli juu ya njia hii yote.

5a⁰. Fungua a⁰. Andika a mara sifuri. Hakuna cha kuandika, hakuna cha kuwekea kidole. Mtoto anasema hakuna kitu, na hakuna kitu ni sifuri, tano mara sifuri ni sifuri. Hoja yake inafuatana vizuri. Njia tuliyomfundisha ndiyo imemfikisha huko.

Kwa hiyo mwalimu anayesema "fungua tu utaona" anasema kweli mpaka siku kipeo kinapokuwa sifuri, hasi, au herufi kama n. Siku hiyo kufungua kunakwisha, na lazima kuwe na kitu kingine cha kushika. Wengine hukimbilia amri: kitu chochote kipeo sifuri ni moja, kariri. Amri inakaririwa, halafu inazaa kosa jipya, 5a⁰ = 1.

Kitu cha kushika ni mwendo. Chukua magugu maji, na tuseme, ili hesabu iwe rahisi, yanaongezeka maradufu kila wiki mbili. Leo yamefunika eneo moja la ghuba, liite 1. Baada ya wiki mbili ni 2, kisha 4, kisha 8. Hizo ni 2¹, 2², 2³, na kipeo kinahesabu hatua kutoka leo. Leo yenyewe ni hatua ngapi kutoka leo? Sifuri. Na magugu yapo, yamefunika eneo 1. Kama 2⁰ ingekuwa sifuri, ghuba ingekuwa tupu leo, na kisicho na kitu hakiongezeki hata ukikisubiri mwaka mzima.

Rudi nyuma wiki mbili kabla ya leo: nusu. Hiyo ni hatua hasi moja, 2⁻¹ = ½. Wiki nne kabla ya leo: robo, 2⁻² = ¼. Kipeo hasi hakikutupeleka kwenye namba hasi. Kimetupeleka kwenye vipande. Hilo lisemwe kwa sauti, maana darasani kuna watakaoandika 2⁻² = −4.

Ukitaka kuliona kwenye kanuni, a³ ÷ a³ ni 1 kwa kukata, na ni a⁰ kwa kutoa vipeo. Jibu moja lina sura mbili, alimradi a yenyewe si sifuri, kwa sababu hatugawanyi kwa sifuri.

Na sasa lile swali la zamani linarudi. 5a⁰: kipeo kimekaa juu ya nini? Juu ya a tu. Kwa hiyo 5 × 1 = 5. Vivyo hivyo 6a⁻² ni 6 juu ya a². Sita haishuki, haijaguswa. Lakini (6a)⁻² ni 1 juu ya 36a². Nimeona vitabu vya mazoezi vinavyoyatenganisha maswali haya mawili kwa kurasa nyingi. Yawekwe mstari mmoja, jirani kwa jirani, ili jicho lione mabano yanavyobadilisha kila kitu.

## Swali moja mpaka mwisho

Tuchukue la mtihani, lenye kila kitu:

(2a³b⁻²)³ ÷ (4a⁵b⁻⁷)

Anza na mabano yenye kipeo. Kipeo cha tatu kinashika vitu vitatu vilivyozidishwa: 2, a³ na b⁻². Kila kimoja kipate chake: 2³ = 8; (a³)³ ni a³ × a³ × a³, yaani a⁹; (b⁻²)³ = b⁻⁶. Tuna 8a⁹b⁻⁶. Wanaoanguka hatua hii wengi wameiacha 2 ilivyo, au wamezidisha 2 × 3 wakapata 6. Namba 2 ni namba ya kawaida, inapandishwa. Vipeo ndivyo vinavyozidishwa.

Gawanya sasa, aina kwa aina. Namba kwa namba: 8 ÷ 4 = 2. Herufi a: 9 − 5 = 4, a⁴. Herufi b ndiyo yenye shimo: −6 − (−7). Iandike hivyohivyo, na mabano yake. Kutoa hasi ni kuongeza, −6 + 7 = 1, basi b. Anayefanya hatua hii kichwani mara nyingi hupata −13.

Jibu: 2a⁴b.

Usifunge daftari bado. Jaribu kwa namba, herufi moja kwa zamu, na nyingine uiweke 1 ili ikae kimya. Kwa a = 2, b = 1: kushoto (2 × 8)³ ni 4,096, gawanya kwa 4 × 32 ambayo ni 128, unapata 32. Kulia 2 × 16 × 1 = 32. Kwa a = 1, b = 2: ndani ya mabano 2 × ¼ = ½, kipeo cha tatu ni ⅛; chini ni 4 × 1/128 = 1/32; ⅛ ÷ 1/32 = 4. Kulia 2 × 1 × 2 = 4. Zinalingana. Usijaribu kwa kuziweka herufi zote 1 kwa pamoja, maana 1 haitofautishi a⁴ na a⁴⁰.

Dakika mbili. Kwenye chumba cha mtihani, dakika mbili hizi ndizo ningezilinda kuliko za mapambo ya kichwa cha habari na kupiga mistari.

## Jibu lililochanika

Inabaki (a²)³, swali ambalo jibu lake liliondoka na kona ya karatasi. Kwa wiki kadhaa lilionekana halina maana. Halisomeki, liache.

Lakini alama ziko juu: 1/8. Vema ni moja, na tumeiona. Basi la nane alilikosa. Hakuandika a⁶.

Mtoto huyu, kwenye swali la pili, alizidisha vipeo pale pa kujumlisha. Kama angekuwa anazidisha kila mahali, swali la nane lingempa vema, maana hapo ndipo pa kuzidisha: a² × a² × a², mbili mara tatu, sita. Hakulipata. Kwa hiyo huenda aliandika a⁵, amejumlisha. Ikiwa ni hivyo, hakuwa mtupu hata kidogo. Alikuwa nazo kanuni zote mbili, ya kujumlisha na ya kuzidisha, kila moja imebandikwa jina la mwenzake. Huyo anahitaji jioni moja ya kufungua kwa urefu na kidole chake, abadilishe majina.

Au aliandika a⁸, akiwa amepandisha 2³. Huyo ni mwingine kabisa. Huyo bado haoni tofauti ya namba iliyo chini na namba iliyo juu, na arudishwe kwenye noti za elfu kumi na sifuri zake kabla ya kugusa herufi yoyote.

Majibu mawili, kosa moja jekundu lilelile, alama ilelile juu ya ukurasa. Tofauti yake ilikuwa kwenye kipande cha karatasi kisichozidi ukubwa wa kidole gumba.